Mshono

Tulitoka kota za polisi kwa miguu, saa nne,
watoto watatu na mimi:
Candiru wangu, miaka sita, msomaji wa kila kibao njiani,
Anguzu wangu, miaka mitatu, ndala ya kulia mguu wa kushoto,
na Lokiru wa jirani, ambaye mama yake yuko zamu.
Alinikabidhi mtoto na chapati mbili ndani ya gazeti
akaondoka akifunga mkanda.

Mlinzi wa makumbusho alinitambua.
"Afande! Leo bila gwanda?"
Akakata tiketi mbili za watoto. Ya tatu akaikataa:
huyu mdogo bado ni mzigo, akasema, si mgeni.

Ndani mlikuwa na ubaridi,
harufu ya dawa, na ya manyoya
yasiyonyeshewa tangu mimi sijazaliwa.
Ndege wamepangwa nyuma ya kioo kama gwaride
na korongo wa taji yuko mwisho wa mstari.
"Wa bendera huyu," Candiru akasema.
"Lakini kwenye bendera ameinua mguu.
Huyu ameushusha.
Amefika?"

Anguzu alimpigia nyati saluti.
Akangoja.
Akapiga tena, kisigino kwa kisigino, ndala ikachomoka.
Nyati hakujibu, na mwanangu akanigeukia
kwa uso wa mtu aliyedharauliwa kazini.

Lokiru alisimama kwenye kabati la mifupa.
Kadi ilisema Napak. Ilisema miaka milioni ishirini.
Ishirini anaijua, ni vidole vyote mpaka vya miguu;
milioni aliiacha pale pale kwenye kadi.
"Napak ni kwa bibi," akasema.
Bibi huchimba mchanga wa mto uliokauka
mpaka maji yatokeze, kidogo kidogo, kama siri.
"Basi bibi amemkanyaga huyu."
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Hakujua. Asimkasirikie."

Njia nzima nilikuwa naandaa majibu ya kifo.
Nilikuwa nayo matatu, ya mfukoni, kama chenji:
alizeeka; aliugua; hata sisi siku moja.
Hakuna aliyeniuliza.

Ila tulipofika kwa mhanga,
mnyama ambaye hata mimi, kwa doria zangu zote za usiku,
sijapata kukutana naye,
masikio ya punda, pua ya nguruwe, haya ya mkwe,
Candiru alichuchumaa, akachungulia tumboni.
"Mama. Ameshonwa."
Nikainama. Kweli. Uzi mnene, mkono wa haraka,
kuanzia kifuani kushuka.
"Kama wewe," akasema.

Kama mimi, Mulago, usiku wa mvua,
taa zimezimika, jenereta inakohoa,
daktari anasema usiogope na yeye mwenyewe anaogopa.

"Walimtoa nani?"

Nikamwambia ukweli, maana uongo hauna hata pa kuketi
mbele ya mtoto aliyechuchumaa.
Hawakumtoa mtoto. Walitoa vyote vya ndani,
wakatia pamba, wakatia nyasi kavu,
ili asimame vizuri tumwone.
Akafikiri. Kidole chake kikafuata mshono
juu ya kioo, bila kugusa, kama kibao kilivyoagiza.

"Na wewe walikutia nini?"

Hawakutia kitu, nikasema.
Pale ulipokuwa pamebaki wazi.

Akafurahi sana, sijui kwa nini.
Mimi nikatafuta leso, nayo sijui kwa nini.

Nje tulikaa kwenye nyasi, tukagawana chapati mbili
kwa watu wanne, hesabu isiyokwisha vizuri.
Kongoti, yule wanayemwita kalooli, akatujia kutoka jalalani,
kipara, koti limechakaa, hatua za mdai kodi.
Watoto wangu wakubwa wakarudi nyuma yangu.
Anguzu akasimama wima.
Akapiga saluti.

Ndege akainamisha kichwa, akamtazama
kwa jicho moja, jicho bichi, lenye maji,
kisha akachukua gazeti letu lenye mafuta
akaenda zake nalo.

"Ameniona," Anguzu akasema,
mkono bado uko kwenye paji la uso,
"Mama, huyu ameniona."